Dume wa Kwenye Jalada Hauzwi Leo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Kaunti yetu, Mchungaji Outten, Kapteni Muir wa Kikosi cha Zimamoto, mwenye ukumbi huu na mwenye sufuria ya supu ya chaza inayotunukia sote hapa, Bwana Dashiell, dalali wetu, Bi Rosalind Prettyman wa Chama cha Kulinda Vinamasi, Bwana Pettibone, mthamini wetu, ambaye namshukuru kwa kukubali kukanyaga tena hapa kwetu Sedge Point, ndugu wageni waalikwa mliotoka mbali na vitabu vyenu vya mnada mikononi, kaka yangu Harlan, uliyeketi karibu na mlango kama kawaida yako ili uweze kutoroka, na ninyi majirani zangu, mliokuja kununua na mliokuja kula tu: habari za mchana.

Katika ratiba pameandikwa, "Ukaribisho, Bi Verna Catlin, dakika tano." Dakika tano zinawatosha watu wasio na la kukiri. Mimi ninalo, na nilimwomba Bi Rosalind aniachie niliseme kwa kinywa changu kabla nyundo haijagonga meza. Kwa hiyo Bwana Dashiell, kaa kitako, pumzisha koo. Utalihitaji baadaye.

Sote tunajua kilichotuleta. Warithi wa Mkondo wa Tabitha, kinamasi chetu hiki, walioko Philadelphia, wametupa hadi mkesha wa Krismasi tuununue, ekari zake mia mbili na kumi, majani, matope, mbu na vyote vilivyomo. Tukishindwa, yupo bwana aliye tayari. Yeye anataka kujenga ukuta wa mawe ufukweni, na nyuma ya ukuta aweke nyumba za watu watakaokuja kulala humo wiki tatu kwa mwaka. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa pale ukutani, juu ya meza ya keki, na kiasi tulichonacho kimeandikwa chini yake. Sitavisoma. Macho mnayo.

Lakini niwaulize wageni wetu: mnajua kinamasi kina kazi gani? Mwaka juzi, upepo wa kusini-mashariki ulipovuma siku tatu mfululizo, maji ya ghuba yalipanda hadi lango la makaburi yetu, yakasimama pale pale. Nani aliyasimamisha? Si Baraza la Kaunti, Mheshimiwa, usitabasamu. Ni Tabitha. Maji yaliingia kwanza katika majani yale, yakazungukazunguka humo mpaka yakachoka. Nyuma ya lango lile amelala mume wangu Cecil, na babu yangu Ephraim, na nusu ya majina mnayoyasikia hapa tukiitana. Ukuta wa mawe utayarudisha maji yale, na yakirudishwa pale yatakuja huku. Mimi sina elimu ya mambo hayo. Ila nimeishi hapa miaka sabini na minane na najua maji yanapenda kupita wapi.

Sasa nije kwa babu, kwa kuwa bata wa mbao mliokuja kuwanunua ni kazi ya mikono yake.

Kitabu chenu cha mnada kinamwita Ephraim Catlin "mchongaji na mpenda ndege." Mchongaji, sawa. Mpenda ndege, aliwapenda zaidi wakiwa kwenye mchuzi. Babu hakuwa mtakatifu. Alipiga bata kwa ajili ya soko, na sheria ilipokataza akaendelea kupiga, na walipomkamata akakaa jela siku tisa, akarudi nyumbani akasema maandazi ya kule yalikuwa laini kuliko ya bibi. Bibi Leah hakumpikia juma zima. Bata hawa wa mbao aliwachonga ili wawadanganye walio hai washuke karibu na bunduki yake. Hivyo leo ndugu zangu tunachofanya ni kitu cha ajabu kidogo: tunawauza wadanganyifu ili tuwaokoe waliodanganywa. Nadhani babu angecheka, halafu angeuliza supu itakuwa tayari lini.

Alikuwa na desturi moja ambayo haikuvunjwa hata kwa ugonjwa. Kila mwaka, juma la mwisho la Agosti, aliweka mbao juu ya mapipa uani, akawapanga bata wote juu yake, mkubwa wao wa kwanza. Harlan alikuwa akiwakwangua. Mimi nilikuwa nikiwasugua kwa mchanga. Babu alikuwa akiwapaka rangi mpya, kila mmoja, kichwa hadi mkia, maana chumvi na jua na miezi ya kugongana mashuani huwachuna. Na alikuwa akisema, kila mwaka maneno yale yale, "Bata aliyechubuka ni aibu ya nyumba nzima." Mara ya mwisho nilikuwa na miaka tisa. Majira ya baridi yale yale alifariki. Baba yetu alikuwa mtu wa chaza, bunduki hakuipenda, na bata wakapandishwa darini wakakaa huko miaka zaidi ya sitini.

Mkubwa wao ni huyu mnayemwona kwenye jalada. Dume wa mgongo-turubai. Sisi huku tunawaita hivyo kwa sababu mgongo wa dume ni mweupe kama tanga jipya, na kichwa chake ni chekundu kama kutu. Babu alimchonga kutoka mlingoti wa mashua yake iliyovunjwa na dhoruba ya mwaka thelathini na tatu. Mashua ilizama, yeye akaogelea, na mlingoti ukamfuata hadi ufukweni. Kitu kinachokufuata hivyo, alisema, hukitupi.

Tazameni picha hiyo vizuri. Ilipigwa Julai. Tazameni weupe ule ulioingia umanjano, ile michirizi myembamba ya kijivu ambayo babu aliivuta kwa kitana cha bibi. Wengine wenu mmeendesha gari usiku na mchana kwa ajili ya picha hiyo. Bwana Pettibone aliniambia robo nzima ya kiasi kile cha ukutani ilikuwa mgongoni mwa ndege huyo mmoja.

Nasema ilikuwa. Sikilizeni.

Agosti Bi Rosalind alinipigia simu. "Bi Verna, mthamini atakuja Alhamisi kuwaangalia bata kwa karibu." Alhamisi! Mgeni anatoka Connecticut, mtu wa heshima, anakuja kuwaangalia watoto wa nyumba hii, nao wamepaukapauka hivi? Ninyi mngefanya nini? Utamwita mgeni, halafu mtoto umwache sebuleni na shati lililochanika? Nilifagia baraza. Nilifua mapazia. Na Jumanne nikaweka ubao juu ya mapipa uani, nikamleta mkubwa wao wa kwanza, kama desturi.

Naona baadhi yenu mmeshika vichwa. Subirini, hamjafika.

Nilikusudia kuwapaka wote. Lakini nilipommaliza dume mvua ikaanza, na goti hili la kushoto likaniuma nikashindwa kupanda ngazi ya dari kuwaleta wengine. Goti hili, ndugu wageni, limewaokoa bata sitini na watatu. Lipigieni makofi.

Asanteni. Linasikia.

Basi Alhamisi Bwana Pettibone akaja. Nikampa chai ya barafu. Harlan alikuwa amewashusha wale sitini na watatu, nikamwonyesha. Akafurahi, akaandika sana, akaniambia, "Bi Verna, sijaona kundi lililotunzwa kama hili." Nikavimba kichwa. Nikamwambia, "Ngoja, mzuri wao nimemweka barazani kwenye kivuli." Nikaenda nikamfunulia kitambaa.

Alisimama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaniuliza polepole, kama daktari, "Mama, nani amempaka rangi huyu?"

"Mimi mwenyewe. Kapendeza, siyo?"

"Lini?"

"Jumanne. Usimguse kifuani tu, hapo bado hajakauka."

Akatafuta kiti. "Umetumia rangi gani?"

"Iliyobaki ya madirisha. Nzuri hiyo, haiingizi maji. Nimempaka mikono miwili, mmoja juu ya mwingine."

"Na rangi ya zamani?"

"Nimeikwangua yote kwanza. Huwezi kupaka juu ya magamba, Bwana Pettibone, itabambuka. Babu angenichapa."

Hapo akaomba maji. Nikamwambia chai bado ipo. Akasema hapana, maji.

Alinieleza kwa upole mkubwa, na nitamshukuru kwa upole huo maisha yangu yote. Kwamba mbao kama hizo zipo nyingi. Kwamba wanachokinunua watu wa mbali ni rangi, ile ya mkono wa babu mwenyewe, ya Agosti yake ya mwisho, iliyokaa bila kuguswa na mtu. Nikamuuliza, "Sasa haiwezi kurudishwa?" Akauliza magamba niliyoyakwangua yako wapi. Yalikuwa kwenye gazeti, gazeti kwenye pipa, na gari la taka lilikuwa limepita asubuhi ile ile.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Na mjukuu mwenyewe ndiye huyu mnayemwona mbele yenu.

Sikwenda kanisani Jumapili mbili. Mchungaji, ulidhani ni mafua, ukaniletea mchuzi wa kuku. Haikuwa mafua. Ilikuwa aibu, lakini mchuzi nilikunywa. Bi Rosalind alikuja kunitazama, akaniambia, "Usijali, Bi Verna, tutapata njia," akatabasamu, akatoka. Nikamtazama kupitia dirishani. Aliketi ndani ya gari lake dakika nyingi bila kuliwasha, paji la uso juu ya usukani. Binti huyu amehangaikia Tabitha miaka sita, akibisha hodi kwenye milango ya watu waliomchungulia bila kufungua mnyororo, na mimi kwa kopo moja la rangi ya dirisha nilikuwa nimemrudisha nyuma hatua ambazo sijui atazirudia vipi. Iliniuma. Inaniuma sasa hivi nikilisema.

Kuna mtu mmoja humu ukumbini, jina lake sitalitaja, ameketi karibu na mlango, yeye alinipa shauri. "Verna," akasema, "wewe nyamaza. Picha wameshaiona. Nyundo ikigonga imegonga. Watakapogundua watakuwa wameshafika Boston."

Nikamwambia, "Harlan, wewe ni mtoto wa babu kweli, siku tisa zako zinakungoja."

Usicheke, Harlan. Kaa chini.

Mficha uchi hazai, ndugu zangu. Ndiyo maana nimesimama hapa. Ninyi mliokuja kwa ajili ya dume wa kwenye jalada: yule wa pichani hayupo tena duniani, na aliyeko hatapanda mezani leo. Ninawaomba radhi, ninyi wageni, na wewe Rosalind mbele ya watu wote, kwa kuwa nilikukosea nikiwa nimekunja mikono ya shati na nikijisifu moyoni. Namba moja kwenye vitabu vyenu ifuteni.

Mtauliza, yuko wapi?

Mwezi uliopita, asubuhi moja ya baridi, Harlan alikuja na mashua yake akaniambia, "Vaa mabuti, tumpeleke yule bwana harusi wako akaoge." Nilikuwa nimemfungia kabatini tangu Agosti, sikutaka kumwona. Tukaingia Tabitha kwa kasia, maana injini pale ni dhambi. Harlan akamfunga kamba na nanga, akamweka juu ya maji. Nikatazama pembeni. Nilidhani atayumba, na mikono yake miwili ya rangi ya dirisha. Akatulia. Akageuka akautazama upepo, kama walivyokuwa wakigeuka wote juu ya maji haya nilipokuwa mdogo. Tukarudi nyuma ndani ya majani tukanywa kahawa, Harlan akilalamika kuhusu kahawa.

Kisha akanigusa goti, lile lile. "Verna. Usitikisike."

Walikuja watano kutoka kaskazini, chini chini, wakazunguka mara moja, wakazunguka mara ya pili, wakaweka miguu mbele wakashuka. Migongo-turubai walio hai, madume watatu na majike wawili. Sikuwa nimewaona Tabitha tangu majani ya chini ya maji yalipokufa, na hiyo ni miaka mingi, majirani zangu mnajua. Sasa majani yameanza kurudi na wao wamesikia. Wakamzunguka yule wa mbao, wakapiga mbizi kando yake, wakaibuka na majani midomoni. Mmoja alimkaribia kabisa akamtazama rangi yangu ya dirisha.

Harlan akaninong'oneza, "Wanamwamkia."

Nikamjibu, "Mwambie Pettibone."

Nililia, sitawaficha. Tulikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi, na hakuna aliyekuwa na bunduki. Nilifurahi kama sijafurahi tangu Cecil aondoke. Basi dume yuko kule, na atakaa kule, msimu hadi msimu. Mkitaka kumwona leteni mabuti. Agosti nitamkwangua nitampaka tena, na kila atakayekuja kunizuia nitampa brashi.

Hiyo ndiyo nusu ya kwanza ya habari zangu. Dalali anatazama saa. Nusu ya pili ni fupi.

Robo ile ya ukutani bado haipo. Furaha ya bata watano haiijazi, na warithi wa Philadelphia hawapokei machozi yangu. Niliwaza usiku na mchana. Na jawabu nilikuwa nalijua muda wote, ila sikulitaka.

Siku ile ya Agosti, Bwana Pettibone alipokuwa akiondoka, alipita jikoni kunirudishia glasi, akasimama mlangoni. Akainama. "Na huyu je?" akauliza.

"Huyo hauzwi," nikamwambia. "Huyo anazuia mlango."

Babu alipomaliza kumchonga dume, kipande cha mlingoti kilibaki, akachonga jike wake. Lakini kipande kilikuwa na fundo upande mmoja. Walipomweka majini akainama kushoto kama mlevi wa Jumamosi. Babu akamfukuza kazi. Bibi Leah akamwokota, akachukua rangi, akampaka yeye mwenyewe, kahawia ya kifuani, kijivu cha mgongoni, na jicho moja kubwa kuliko jingine. Ni bata pekee bibi aliyempaka maishani mwake. Akamweka kwenye mlango wa jikoni ili upepo usiubamize. Hajawahi kuogelea tena, na kwa kuwa hakuogelea hakuchubuka, na kwa kuwa hakuchubuka hakuna Agosti hata moja aliyopandishwa juu ya ubao. Mnaelewa? Wote wamepakwa tena na tena. Huyu ana rangi yake ya kwanza.

Bwana Pettibone alinitajia thamani yake. Nikamwambia hapana. Akaniandikia barua, nikajibu hapana. Bi Rosalind hakuwahi kuniomba hata mara moja, na angeniomba ningemwambia hapana vile vile. Nilijifunza kutembea nikitoka kwa bata huyu kwenda kwenye meza. Cecil alijikwaa kwake asubuhi ya harusi yetu akaingia kanisani akichechemea. Miaka sabini na minane namsalimu kwa kidole cha mguu kila nikipita na chungu, na jikoni kwangu hakuna mtu mwingine wa kusalimia.

Lakini siku ile ya Tabitha, tulipokuwa tukirudi, Harlan, ambaye Mungu humpa neno moja la maana kila miaka kumi, alisema, "Dume amerudi kazini. Mkewe amekaa tu."

Nikamwambia hakai tu, anazuia mlango usifungwe.

Akasema, "Basi si kuna mlango mwingine unafungwa mkesha wa Krismasi?"

Nikamgeuzia mgongo hadi gatini. Alinikasirisha kwa kuwa alisema kweli.

Bwana Dashiell, njoo hapa. Kitu hiki chini ya kitambaa, ulichonihoji tangu asubuhi nikakuambia ni keki, si keki. Kifunue taratibu. Mshike chini, kwenye fundo. Ndugu wageni, andikeni penye namba moja: jike wa mgongo-turubai, mbao ya Ephraim Catlin, rangi ya mkono wa Leah mkewe, haijaguswa isipokuwa kwa vidole vya miguu. Jicho moja kubwa. Anainama kushoto. Namtoa leo kwa Tabitha, kwa moyo wangu wote, na sitaki mtu anihurumie, nataka mpandishe bei. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini ninyi watu wa Boston mnao utajiri, nimeona magari yenu, kwa hiyo moyo tu ndio tunaoungoja.

Bwana Pettibone, nikuambie mapema ili ulale salama: sijamfuta vumbi hata.

Nawashukuru Kikosi cha Zimamoto kwa ukumbi, akina mama wa kanisa kwa keki, Bi Rosalind kwa kutonichukia, na ninyi nyote kwa kumvumilia mwanamke mzee zaidi ya dakika zake tano. Dalali, nyundo ni yako. Na wale wanaonitazama kwa huruma wakijiuliza mlango wa jikoni kwangu utazuiwa na nini usiku wa leo: Harlan ameniletea tofali. Amelipaka rangi.